Sura ya 6: Nyumba Usiyoijua Katika Jimbo Usilolijua

Simu ya aina hii hupigwa karibu kila wikiendi kati ya Watanzania, Wakenya na Wakongo walioko Marekani. Aliyehamia Columbus, Ohio, anamwambia shemeji yake aliyebaki Lowell, Massachusetts: "Shem, hela unayomlipa mwenye nyumba huko, huku ungekuwa unalipia nyumba yako mwenyewe. Vyumba vinne, na uwanja wa watoto kuchezea mpira." Usiku huohuo shemeji anafungua tovuti ya nyumba ya Zillow, anahakikisha kwamba ni kweli, na kabla hakujapambazuka ameshamwandikia dalali.

Wa Columbus hajasema uongo. Shida ni kwamba bei ndiyo kitu pekee mtu anachoweza kukiona akiwa mbali. Kodi za kaunti, bima, udongo ulio chini ya msingi, mpaka wa shule, kazi ya mke ambayo bado haijapatikana: hayo yote yananunuliwa pamoja na nyumba, na hakuna picha ya tangazo inayoyaonyesha.

Msimamo wangu nautoa mapema ili msomaji asipoteze muda kuutafuta. Anayehamia jimbo ambalo hajawahi kuishi apange kwanza, angalau mwaka mmoja, hata kama benki imeshamwahidi mkopo. Wapo wanaostahili kuivunja kanuni hii na nitawafikia, ila ni wachache kuliko wanaojihesabu humo.

Kodi ya majengo ndiyo huwaumiza wengi. Texas haitozi kodi ya mapato ya jimbo, na habari hiyo huwafikia watu wetu wa Massachusetts na Minnesota kabla ya habari nyingine yoyote. Isiyowafikia ni kwamba shule na kaunti za Texas lazima ziendeshwe kwa hela ya mtu, na sehemu kubwa ya hela hiyo inatoka kwenye nyumba. Katika vitongoji vingi vya Houston na Dallas kodi ya majengo inakaribia asilimia 2 ya thamani ya nyumba kila mwaka. Katika mitaa mipya ya pembezoni mwa Houston, ambako wilaya za huduma za maji bado zinalipa madeni ya mabomba, inapita hapo. Nyumba ya dola 350,000 kwa asilimia 2 ni dola 7,000 kwa mwaka. Ni karibu dola 580 kila mwezi, hazipunguzi deni hata senti moja, na hazikomi hata ukimaliza kulipa mkopo.

Nyumba mpya kabisa ina mtego ambao nimeona ukiwanasa hata wahasibu. Texas hukadiria thamani ya mali kama ilivyokuwa tarehe 1 Januari. Ukinunua nyumba iliyokamilika mwezi wa sita, kodi ya mwaka huo inahesabiwa kwa kiwanja kitupu, kwa sababu tarehe 1 Januari hapakuwa na nyumba. Tuseme ni dola 1,200. Mkopeshaji anakata dola 100 kila mwezi, anaziweka kwenye akaunti ya eskro, yaani akaunti anayolipia kodi na bima kwa niaba yako. Rejesho lako zima linatoka dola 2,300 na unajiona umepata. Mwaka unaofuata kaunti inaihesabu nyumba nzima: dola 8,400. Akaunti inapungukiwa dola 7,200. Hapo ndipo inapokuja barua yenye jedwali refu ambalo hakuna aliyekueleza namna ya kulisoma. Kwa miezi 12 ijayo utalipa dola 600 za kuziba pengo, na dola 600 nyingine za ongezeko la kodi ya kila mwezi. Rejesho limetoka 2,300 hadi 3,500, ilhali riba yako ni ileile isiyobadilika uliyoahidiwa. Hakuna aliyekuibia; yote yako kwenye makaratasi uliyotia saini.

Florida na California zina mtego wa aina nyingine. Sheria za huko zinazuia thamani inayotozwa kodi isipande kwa kasi mikononi mwa mwenye nyumba. California, tangu Pendekezo la 13 la mwaka 1978, ongezeko halizidi asilimia 2 kwa mwaka. Florida, kwa anayeishi kwenye nyumba yake, ni asilimia 3. Nyumba ikiuzwa, hesabu inarudi kwenye bei ya soko. Kwa hiyo kodi ndogo unayoisoma kwenye tangazo ni ya bibi aliyenunua zamani. Yako bado haijaandikwa.

Na Ohio ya shemeji? Miji ya huko inatoza kodi yake ya mapato, mbali na ya jimbo. Columbus ni asilimia 2.5, Dayton vilevile. Kwa mshahara wa dola 60,000 hiyo ni dola 1,500 kwa mwaka, na aliyetoka Massachusetts, ambako miji haitozi kodi ya namna hiyo, huigundua kwenye hati yake ya kwanza ya mshahara. Haitoshi kumfanya mtu asihamie Ohio. Inatosha kubadili mtaa atakaoutafuta.

Bima nitaipitia haraka kwa kuwa ina sura yake. Jambo moja tu: bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko. Kimbunga Harvey kilipoizamisha Houston Agosti 2017, wengi wa walioingiliwa na maji hawakuwa na bima ya mafuriko, na wengine waliishi maeneo ambayo ramani haikuyahesabu kuwa ya hatari. Bima hiyo ya serikali kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kuinunua, na ukomo wake kwa jengo la nyumba ya familia ni dola 250,000. Kwa Texas ya pwani, Louisiana na Florida, omba bei ya bima kabla ya kupeleka ofa. Anayeisubiri mpaka wiki ya kufunga mauziano ameshajifunga.

Kisha kila jimbo lina ugonjwa wake wa nyumba, na mgeni hajui pa kutazama. Udongo wa mfinyanzi wa Dallas huvimba kwa mvua na kusinyaa kwa kiangazi, msingi ukapasuka. Mwenyeji akiona mlango usiofunga sawasawa anashtuka, mgeni anadhani bawaba zimelegea. Iowa yote, kaunti zote 99, imo kwenye kundi la juu la hatari ya radoni, gesi isiyo na harufu inayopanda kutoka ardhini na kusababisha saratani ya mapafu, lazima ipimwe. Maine inaongoza majimbo yote kwa kutegemea mafuta ya kupashia nyumba joto, na tangi la galoni 275 lililo chini ya ngazi hujazwa kwa hela yako, si ya mwenye nyumba. Nyumba za zamani za Ohio, zilizojengwa kabla ya rangi za risasi kupigwa marufuku mwaka 1978, si za kumwachia mtoto anayetambaa kabla ya kupima. Mtu aliyepanga mwaka mmoja anayajua haya bila kusoma kitabu: anayasikia kanisani, msikitini, kazini, kwenye foleni ya kuchukua watoto shuleni.

Sasa tufanye hesabu yenyewe, kwa sababu msemo kwamba kupanga ni kutupa hela umekuwa kama dini. Chukua nyumba ya dola 320,000. Umetoa kianzio cha 20,000, umekopa 300,000 kwa miaka 30 kwa riba ya asilimia 6.5. Wastani wa riba za mikopo hii ulishuka hadi asilimia 2.65 Januari 2021, ukapanda hadi 7.79 Oktoba 2023, kwa hiyo 6.5 si ya kushangilia wala ya kulilia. Rejesho ni dola 1,896 kwa mwezi. Katika rejesho la kwanza, dola 1,625 ni riba. Zinazopunguza deni ni 271 tu. Ukilipa miaka mitatu bila kukosa umetoa zaidi ya dola 68,000, na deni limeshuka kutoka 300,000 hadi kama 289,250.

Mwisho wa mwaka wa tatu mnaondoka. Tuseme nyumba inauzwa kwa bei ileile ya 320,000. Kamisheni, ada za hati na matengenezo anayodai mnunuzi zikichukua asilimia 7, zimekwenda dola 22,400. Lipa deni. Mkononi zinabaki dola 8,350. Ulipoingia ulitoa kianzio cha 20,000 na ada za kufunga mauziano, tuseme asilimia 3, yaani 9,600. Umepoteza zaidi ya 21,000, na bado hatujataja mashine ya kupasha maji moto iliyokufa mwaka wa pili.

Utaniambia bei za nyumba hupanda. Haya, zipande asilimia 3 kila mwaka. Unauza kwa takriban 349,700, unabaki na kama 35,950 mkononi, na ukitoa ulizoingia nazo faida ni kama dola 6,350. Lakini kila mwezi ulikuwa ukilipa rejesho, kodi ya majengo ya dola 450, bima ya 200, na bima ya mkopo ya 130 kwa sababu kianzio chako hakikufika asilimia 20: jumla 2,676. Kama nyumba inayofanana nayo ilikuwa inapangishwa kwa 2,100, jirani yako mpangaji alibaki na zaidi ya dola 20,000 ndani ya miaka hiyo mitatu. Ikiwa alizitunza. Kama alizila, wewe umemshinda, na hilo nalo ni la kusema kweli: kwa wengi wetu rejesho la nyumba ndiyo akiba pekee isiyoweza kukopwa na binamu.

Miaka ikisonga hesabu inageuka. Pango linapanda, rejesho la riba isiyobadilika limesimama palepale, na sehemu inayopunguza deni inanenepa kila mwezi. Ndiyo maana swali la msingi ni utakaa muda gani, na mgeni wa jimbo ndiye mtu asiyeweza kulijibu. Hajui kama mke wake, msaidizi wa wauguzi, atasajiliwa haraka katika jimbo jipya. Hajui kama ataiweza Februari ya Minnesota. Kwa riba za kiwango hiki sioni sababu ya kununua kwa mtu asiyeweza kusema kwa moyo mweupe kwamba atakaa miaka mitano.

Kuna jambo la mkopeshaji pia. Anataka kuona historia ya kazi ya miaka miwili. Kubadili mwajiri ndani ya fani ileile si kosa. Barua ya ajira na hati za mshahara huweza kutosha. Ovataimu ni habari nyingine. Wengi wetu tunaofanya kazi hospitalini na kwenye nyumba za wazee tunaishi kwa zamu za ziada, na zamu hizo kwa mwajiri mpya kwa kawaida hazihesabiwi mpaka zijenge historia. Dereva aliyeacha kampuni akanunua kichwa chake cha semi yuko pabaya zaidi: mkopeshaji hasomi alichoingiza, anasoma kilichobaki kwenye fomu ya kodi baada ya mafuta, matairi na matengenezo, na kwa kawaida anataka fomu za miaka miwili. Gharama ulizozitumia kupunguza kodi mwezi wa nne ndizo zinazokunyima nyumba mwezi wa tisa. Na kabla hujasahau, uliza kama mtaa unaruhusu kuegesha hicho kichwa cha semi. Vyama vingi vya wamiliki wa nyumba mitaani, na miji mingi, haviruhusu, na faini zake hazina huruma.

Hapa pia ndipo upatu wetu unapokwama. Watanzania wanauita mchezo, Wakenya chama, Wakongo likelemba. Kwa mkopeshaji wa Marekani wote una jina moja: hela isiyoelezeka. Anapitia taarifa za benki za miezi miwili ya mwisho, na akikuta dola 9,000 taslimu zimeingia Jumatatu moja, anataka karatasi. Daftari la mama mweka hazina halimtoshi. Panga zamu yako ya kupokea mapema, hela iingie benki miezi mingi kabla ya kuomba mkopo, ikae hapo. Zawadi ya ndugu inakubalika ikiwa na barua inayosema si deni. Usijaribu kuikatakata hela ili kila mara iwe chini ya dola 10,000 benki isitoe taarifa: kukatakata kwenyewe kwa lengo hilo ni kosa la jinai, hata kama hela ni halali kabisa.

Waliokuja kama wakimbizi wana faida wasiyoijua. Mkopo wa nauli wa Shirika la Kimataifa la Uhamiaji (IOM), ule usio na riba unaoanza kulipwa baada ya miezi sita, ndio mara nyingi unaofungua historia yao ya krediti. Waliotoka kambi za Kakuma au Nyarugusu wakawa wanaulipa taratibu, leo wana kitu cha kumwonyesha mkopeshaji. Walioudharau wana doa. Upande mwingine, mikopo inayodhaminiwa na FHA, mamlaka ya nyumba ya serikali kuu, ile ya kianzio cha asilimia 3.5 iliyowapa wengi wetu nyumba ya kwanza, tangu tarehe 25 Mei 2025 imefungwa kwa karibu wote ambao si raia wala wakaazi wa kudumu. Aliye na viza ya kazi, au anayesubiri uamuzi wa hifadhi, aisikie kauli hiyo kwa mkopeshaji kabla ya kufunga mizigo.

Waislamu wanaokwepa riba wana njia zao, kama ile ya ubia ambamo taasisi na mnunuzi wanamiliki pamoja mpaka mnunuzi anunue sehemu yote. Guidance Residential ya Virginia imeifanya tangu 2002. Ila taasisi hizi hazifanyi kazi kila jimbo. Mtu wa Mombasa au Unguja anayehama aulize hilo kwanza, asije akafika mahali ambapo mlango pekee uliobaki ni ule alioukimbia.

Nani basi anunue bila kupanga kwanza? Anayerudi mji aliowahi kuishi. Na familia kubwa. Wenye nyumba wengi hufuata kanuni ya watu wawili kwa chumba, na familia ya watu tisa kutoka Uvira au Bukavu haipati kwa urahisi fleti ya vyumba vitano Des Moines, Louisville wala kwingineko. Wanagawanyika fleti mbili, wanalipa pango mara mbili, mama analala huku watoto wakubwa kule. Kwa familia kama hiyo kununua ni kujiokoa, na sitawaambia wasubiri. Ninachowaomba ni mmoja atangulie, baba au mtoto mkubwa mwenye kazi, akae kwa ndugu miezi mitatu, ikiwezekana ya baridi, atembee mitaa kwa miguu, apande basi la kwenda kazini alfajiri. Gharama yake ni tiketi na unga wa ugali.

Aliyeacha nyumba nyuma ana mtihani tofauti. Kama ulikopa wakati wa riba ya asilimia 3, unaipenda nyumba ile kama mtoto, na unataka kuipangisha. Sawa, lakini jua saa inayohesabu. Sheria ya kodi ya serikali kuu haigusi faida ya mauzo hadi dola 250,000 kwa mtu mmoja na 500,000 kwa wanandoa, mradi umeimiliki na kuishi humo angalau miaka miwili kati ya mitano kabla ya kuiuza. Ukiipangisha ikapita miaka mitatu tangu uondoke, msamaha huo umekwisha. Waliohama kwa sababu ya kazi kabla ya kufikisha miaka miwili huweza kupata sehemu yake. Kwa hiyo kupanga kwako katika jimbo jipya na kuipangisha ya zamani ni mpango mzuri wa mwaka mmoja au miwili. Ukiufanya wa miaka mitano bila kuketi na mhasibu, unachezea hela ya watoto.

Kupanga nako kunahitaji akili. Usitume amana kwa mtu usiyemwona, kwa nyumba ambayo hakuna unayemwamini aliyeingia ndani. Picha za nyumba zinazouzwa huibwa na kutangazwa kama za kupangisha, na hela iliyotumwa kwa simu kupitia Zelle ni nadra kurudi. Amana ina sheria tofauti kila jimbo. Massachusetts haiwezi kuzidi pango la mwezi mmoja, Texas haina ukomo ila lazima irudishwe ndani ya siku 30 baada ya kuhama na kuacha anwani mpya kwa maandishi. Portland, Maine, ina udhibiti wa pango tangu wapiga kura waupitishe mwaka 2020. Texas hauko kabisa, mwenye nyumba anaweza kukupandishia atakavyo mkataba ukiisha. Chagua pa kupanga ndani ya mpaka wa shule unayofikiria kununua karibu nayo, hata fleti ikiwa ya kizamani, ili watoto wasihame shule mara mbili.

Kisha utumie mwaka huo. Nenda ofisi ya kaunti, au kwenye tovuti yake, usome kodi ya nyumba tatu za mtaa unaoupenda. Lala huko majira yote. Mikataba mingi hudai notisi ya siku 60 kabla ya kuondoka, na usipoitoa, unaendelea mwezi kwa mwezi kwa bei ya juu zaidi. Kwa hiyo mwezi wa tisa wa mkataba ndio wa kukaa chini na mwenzako na kuamua, si wa kumi na mbili. Uandike kwenye kalenda siku unayotia saini.